Kamba ya Pili ya Baba Nabalayo

Ni mwaka mmoja sasa tangu uzilaze nyasi juani, Baba Nabalayo, na usirudi kuzigeuza. Ilikuwa Januari, jua lile kavu linalofuata mvua fupi, na ulituambia kwamba kesho yake zingekuwa tayari kufungwa. Kesho ilifika. Wewe hukufika. Kifua kilichokusumbua miaka yote kwa vumbi la nyasi kilikubana alfajiri, hapo nyumbani Soweto West, Kibera. Ukashika mkono wa Nasambu mkeo, ukaomba maji, na kabla kikombe hakijafika mdomoni ulikuwa umekwenda.

Tunakukumbuka, Wakoli. Wakoli wa marobota ya nyasi, kama walivyokuita Kawangware. Kuka, kama wajukuu wanavyomwita babu yao.

Tunakumbuka ulivyorudi jioni na nyasi kichwani, watoto wa ploti wakikuvizia mlangoni kuzichomoa moja moja. Jirani wa nyuma ya mabati, Mama Jael, alikuwa akisema hahitaji kalenda. "Wakoli akinuka nyasi, mwaka umeanza." Zile zilizobaki chini bila kufungwa hukuziacha. Ulizishindilia kwenye magunia, ukayashona midomo, ukayabeba hadi Kibera. Wangapi walitoka kwetu Bungoma, na wengine kule ziwani, wasimjue mtu hapa mjini, wakalala usiku wao wa kwanza juu ya gunia ulilojaza wewe? Hukuwauliza kabila wala kanisa. Ulisema mtu anayelala kwenye simiti hawezi hata kuota vizuri.

Mashine yako ya kufunga nyasi uliipata kichakani, wakati ulipokuwa mlinzi wa farasi upande wa Karen. Mibarika ilikuwa imeifunika hadi ndege wametaga ndani. Mwenye farasi akasema, "Ichukue kama utaweza kuivuta." Githinji, mfugaji wa ng'ombe wa Kawangware, akaja na trekta lake lililokuwa zee kuliko wewe, mkaikokota barabarani watu wakishika mbavu.

"Wakoli, umeokota gari la moshi. Reli iko wapi?"

"Reli nitaifyeka mwenyewe," ukajibu.

Wewe na fundi wa jua kali mlichomelea, mkapaka grisi, mkatukana, mkachomelea tena. Siku mashine ilipoamka, uliingia nyumbani hujanawa hata uso, ukasimama katikati ya chumba.

"Kitendawili."

"Tega," tukasema sote.

"Kuku wangu hutaga mayai ya pembe nne."

Wajukuu wakapiga kelele pamoja, "Mashine!" maana walikuwa wameyaona hayo mayai yakidondoka shambani. Ukawaeleza tumbo lake lilivyo. Meno yake ya mbele hukusanya nyasi, goti la chuma huzisukuma na kuzibana, sindano mbili hupitisha kamba mbili za katani. Mwishoni kuna vile vidomo viwili vya chuma, vimepinda kama midomo ya ndege, kila kimoja hufunga fundo la kamba yake. Ndipo robota hutoka nyuma likiwa limekaza kama ngoma.

Ulikuwa na njia yako ya kujua kama nyasi zimekauka. Ulisokota unyasi sikioni, ukafumba macho. "Nyasi ikilia, iko tayari. Ikinyamaza, iache, itachoma moto ghala la watu." Githinji alikucheka kwa hilo, lakini hakuna robota lako lililowahi kuota ukungu katika zizi la mtu, si Kawangware, si Riruta.

Alikucheka pia kwa kutembea. Trekta lilikwenda mbele na mashine ikifuata, na wewe kando yake, nyuma kidogo, kiganja kwenye ubavu wake, kutoka asubuhi hadi jua linazama.

"Panda hapa, Wakoli. Wacha kutembea kama mchungaji."

"Nachunga."

"Unachunga nini, na ng'ombe wote wapo kwangu zizini?"

Ukacheka tu, ukaendelea kutembea.

Jioni Nasambu alikupashia maji ya chumvi, ukatumbukiza vidole. Upande wa ndani, kwenye maungo, ngozi ilikuwa imechanika mistari mistari. Alipouliza ni nini, ulisema katani inauma. Alidhani ni kubeba marobota. Akakupaka mafuta, mkala ugali wenu, yakaisha.

Halafu kikaja kile kitendawili kingine, kilichotushinda.

"Ndege wangu wawili wanafunga mzigo mmoja. Mmoja alikufa kitambo, na mzigo haujawahi kufunguka."

Tulijaribu kila kitu. Nabalayo, binti yako, alisema ni macho, moja likipofuka lingine huona. Joan, mjukuu, akasema ni matundu ya pua. Nasambu alifikiri, mwiko mkononi, akasema, "Ni mimi na wewe." Ukamtazama, ukacheka mpaka ukakohoa. "Bado hakuna aliyekufa, mama. Jaribu tena."

Sheria ya vitendawili kila mtoto anaijua. Ukishindwa, unampa mwenzako mji, anautawala kidogo, ndipo anakifumbua. Na wewe ulitaka mji mmoja tu.

"Nipeni Kibera. Nikae humu bila mwenye ploti kunigongea mlango akidai kodi."

"Kibera sikupi," Nasambu akasema. "Jibu nitalipata mwenyewe."

"Utalipata lini?"

"Ngoja uone."

Ukangoja. Kila msimu wa nyasi ulikitega tena, na kila msimu alikunyima mji. Ukawa mchezo wenu, na sisi tukawa tunausubiri kama watu wanavyosubiri mahindi mabichi.

Ulipotutoka, tukakusafirisha nyumbani Bungoma, tukakulaza kwenye udongo wa baba yako. Nyasi zilikuwa bado zimelala huku shambani, mistari kwa mistari, kama ulivyoziacha. Tuliporudi Kibera, Githinji alikuja. Alikaa kwenye ncha ya kigoda, kofia juu ya goti.

"Mama Nabalayo, pole. Sikutaka kukuletea maneno."

"Sema tu, Githinji."

"Nilienda na mdogo wangu tufunge zile nyasi, mkirudi mkute kazi imekwisha. Robota likitoka linafunguka. Kamba moja inashika, ile ingine inabaki imening'inia. Yote ni hivyo. Mimi naona mashine imekufa na mwenyewe."

Nasambu akammiminia chai.

"Kuna mtu wa vyuma vikuukuu, anaitwa Mulwa. Ameiona. Anaweza kuja Jumamosi kuichukua."

"Na nyasi?"

"Zitaoza. Mawingu yameanza kukaa upande wa Ngong. Na wenye ng'ombe wananiuliza. Wakikosa kwetu msimu huu, watazoea kwingine."

Unajua mashine ile ilikuwa nini kwetu. Ndiyo iliyotuwekea sufuria motoni, ndiyo iliyomvalisha Joan sare ya shule. Ikienda kwa Mulwa, tungekuwa tumezika mara mbili.

Akina mama wa kanisa walimwambia Nasambu mjane hatoki upesi hivyo. "Nyasi hazijui matanga," akawajibu. Akavaa gambuti zako, akajaza vitambaa penye vidole vya miguu zisimpwaye, akamwita Nabalayo na Joan, wakaenda.

Miaka hiyo yote alikuletea chakula shambani akakungoja nacho kwenye kivuli cha miti, kwa kuogopa ile kelele. Siku hiyo aliikaribia. Githinji akafunua kifuniko, wakachungulia wote. Kidomo kimoja kiling'aa kama kijiko. Cha pili kilikuwa chekundu kwa kutu, na ndani yake nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo, ya zamani, ngumu kama chungu.

Githinji akaigonga kwa ukucha. "Hii si nyumba ya juzi."

"Na juzi mlikuwa mnafunga," Nasambu akasema.

"Tulikuwa tunafunga. Miaka yote hii, marobota yanatoka na kamba mbili." Akavua kofia. "Mimi nilikuwa naangalia mbele, nisiharibu mstari. Yeye ndiye alikuwa huku nyuma, na vidole vyake."

Nabalayo alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alipouondoa alisema polepole, "Mama. Ndege wawili."

Hapo Nasambu wako alikaa chini juu ya nyasi zako. Akavishika vidole vya mkono mmoja kwa mkono mwingine. Akauliza, "Kwa nini hakusema?"

"Alisema, mama. Kila msimu alisema. Ni sisi tulikuwa tunamjibu macho na pua."

Kilio kilichokataa kumtoka kaburini, mbele ya watu wote wale, kilimtoka hapo, karibu na chuma. Githinji akageuza uso akajifanya anatafuta spana.

Kisha Nasambu akainuka. Kwenye ubavu wa mashine kulikuwa na mahali rangi imekwisha kabisa, chuma kimelainika, ukubwa wa kiganja. Akaweka kiganja chake hapo. "Washa," akasema.

La kwanza lilifunguka. Alikuwa amechelewa, ncha za kamba zikampita. La pili likafunguka.

"Kukhu, hii kitu haitaki," Joan akamwambia bibi yake.

"Itataka."

Nabalayo ndiye aliyeona ujanja wako. Ncha zinashikwa robota likiwa bado limebanwa ndani, unavuta, unafunga, unatoa vidole kabla goti la chuma halijarudi. Ukingoja litoke umeshachelewa. Akamwonyesha mama yake. Trekta likaenda mwendo wa kobe, Githinji sasa shingo imegeuka nyuma kama bundi. La tatu likatoka na kamba mbili. Joan akalikalia, akarukaruka juu yake. Likakaa imara.

Wakafunga mpaka jua likazama, wakipokezana, mama na binti. Jioni, Kibera, Nasambu alijipashia maji ya chumvi. Alipotaka kutumbukiza vidole aliviona kwenye mwanga wa koroboi. Upande wa ndani, kwenye maungo, mistari mistari. Pale pale ilipokuwa yako.

Jumamosi Mulwa alikuja na mkokoteni. Nasambu akampa chai, akamwambia, "Rudi na mkokoteni wako, baba. Hapa hakuna chuma kikuukuu. Hapa kuna kuku anayetaga." Siku iliyofuata mvua ilinyesha, lakini marobota yalikuwa yamekwishaingia chini ya paa, Kawangware. Hakuna mwenye ng'ombe aliyeona tofauti. Mmoja wa Riruta alilipigapiga robota lake, akasema, "Mashine ya Wakoli bado iko na nguvu." Tukamwambia ndiyo, bado.

Hapa niache kujiita Nasambu kama mtu wa mbali, niseme mwenyewe.

Baba Nabalayo, nilikwambia ngoja uone, ukangoja, nikapata jibu siku ambayo hukuwepo kulisikia. Najua hukunificha. Pengine uliogopa Githinji akijua atarudisha trekta lake zizini, pengine ulitaka tu tuione wenyewe. Sitakuuliza. Naumia kwamba ulikuwa unakohoa na unatembea, na mimi nilikuwa nakaa kivulini na bakuli la ugali nikingoja ule ukiwa moto. Chumba ni kile kile. Upande wako wa kitanda bado unanuka nyasi, au ni mimi sasa.

Sheria ni sheria. Aliyeshindwa hutoa mji, na mimi kwa wakati wako nilishindwa. Basi chukua Kibera. Chukua yote, kuanzia mlango wetu wa Soweto West mpaka ukuta wa Nyayo Highrise, na reli pia nakupa, ukavutie gari lako la moshi. Kaa, hakuna atakayekugongea. Kawangware sikupi, hiyo uliitawala mwenyewe kwa miguu yako.

Na ukikumbuka lile jibu langu la mwanzo, ulilolicheka mpaka ukakohoa, jua kwamba mzigo haujafunguka.

Nyasi za mwaka huu zimelia sikioni, tumezifunga. Jumapili tutafanya ibada yako hapa Soweto West, na wageni watakalia marobota, kwa kuwa viti vya kanisa havitatosha. Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Nasambu. Binti yako Nabalayo, ambaye vidole vyake vimeshakuwa kama vyako. Mwanao Kevin anayeangalia boma na kaburi. Wajukuu wako, Joan mbele yao. Mama Jael wa nyuma ya mabati. Githinji na nyumba yake. Na wote waliowahi kulala juu ya gunia ulilolijaza. Daima tutakukumbuka, kila tunapoivuta na kuikaza kamba ya pili.