Mbuzi ya Mama

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimemficha dada yangu Mahbuba mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama, miaka thelathini na minane. Ilikuwa stoo, ndani ya gunia. Leo gunia lipo, mbuzi haipo!

Mjukuu wangu Lujain kampelekea Pim, msanii wa Kithailandi anayeokota vitu vilivyotupwa na kuvifanya sanaa. Kakodi gereji mtaa wa Wadi Kabir.

"Babu, nani anakuna nazi siku hizi? Si tunanunua ya kopo!"

Daktari kasema moyo umechoka. Nilitaka nife na gunia lile limefungwa.

Jumanne, 14 Januari

Lujain kanipeleka gereji. Wipa za gari, vifuniko vya sufuria, kandambili za pwani ya Qantab — vyote vinaning'inia kwa nyuzi. Katikati, mbuzi. Taa nyuma yake. Ukutani, kivuli cha mwanamke kaketi, kainama, bega la kushoto limeshuka.

Bega la mama!

Nikamuuliza Pim kwa nini kaipanga hivyo. Lujain akatafsiri: hakupanga. Huning'iniza, kisha hungoja vitu vitulie vyenyewe. Tena anauliza mbona tumempa haijaoshwa.

Nimegusa meno ya chuma. Yana nazi. Mbichi, nyeupe.

Alhamisi, 16 Januari

Baada ya Alasiri. Nna hakika nilikuwa peke yangu nyumbani. Jikoni — krr, krr, krr. Nikajikokota na mkongojo. Kimya. Harufu ya tui.

Ijumaa, 17 Januari

Mahbuba kapiga simu kutoka kwake Hail. Jana kenda kuona maonyesho ya Pim pale gereji. Hata hakuniamkia.

"Kaka Marhoon, ile mbuzi ya mama. Uliniambia imevunjika, umeitupa."

Nikasema mbuzi zote zinafanana.

"Baba alichonga nyota chini ya kiti siku niliyozaliwa. Nimeipapasa. Macho yangu ndiyo mabovu, vidole vizima. Pim kanipa. Nakuja nayo."

Maskini! Aliolewa na mtu ambaye baba alimkataa, na anaamini mama kafa bila kumpa radhi. Kila Ramadhani hulia mbele yangu. Mimi humpa kitambaa.

Gari limesimama. Namsikia Lujain: "Karibu, bibi. Babu yumo chumbani, anaandika. Ngoja nikushikie hiyo."

"Niache. Naiburuta mwenyewe."

Krr, krr, sakafuni. Inakuja.

Niandike upesi. Siku tatu za mwisho mama alimwita Mahbuba. Mahbuba tu! Mimi niliyemuuguza, niliyemlisha kwa kijiko, jina langu hakulitaja hata mara moja. Akasema: "Mpe mbuzi yangu. Akiikalia, ajue nimemridhia. Mwambie aje."

Na alikuja. Alisimama mlangoni, kama anavyosimama sasa. Nikatoka, nikamwambia: mama kasema usiingie.