Viganja vya Aliyeshika Kamba

Mnarani,
Kilifi.
14 Mei 2023

Mpendwa kaka yangu Dena,

Shikamoo. Hujambo huko Kitale na baridi yake? Wifi yangu Moraa hajambo? Na mtoto je, ameanza kutembea? Mutuku, yule fundi wa mashua aliyekutana nawe mazishini huko Kitale mwezi wa Desemba, ndiye aliyetuambia kwamba mmemwita Lewa. Mama aliposikia jina la marehemu Baba alijifungia ndani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini siku hiyo alikula wali sahani mbili.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi na Kaka Sanga, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Simu zetu hupokei, huu mwaka wa tisa, wala sikulaumu. Barua hii Mutuku anakuletea mkononi, na nimemwambia asibanduke mlangoni mpaka uisome. Mwandiko umepinda kwa sababu kalamu naishika kwa ncha za vidole.

Mvua imetujalia mwaka huu. Mahindi ya Mama yamefika kiunoni, na nyani wa kule bondeni wameshaanza kuyapigia hesabu.

Basi nikwambie. Tangu Baba afe hatukuulaza ule mlingoti wa mashua yake hata mara moja, kwa woga. Lakini mwezi uliopita mashua ilikuwa ikinywa maji kama kichujio, ikabidi tuikokote juu tuizibe. Mlingoti ni ule ule wa mvinje aliouchonga Baba baada ya ule mwepesi wa mzungu aliyemuuzia mashua kuvunjika. Uzito wake unaujua. Na desturi ya Baba unaijua: mmoja anasimama mbele, kwenye omo, anaachia kamba kidogo kidogo kwa mikono mitupu; mwingine anaungoja mlingoti nyuma aupokee begani. Kuzungusha kamba kwenye kile kigogo kilichosimama pale omoni, Baba alisema ni kazi ya watu legelege. Sanga akafuata hayo hayo. Akaniweka mimi kwenye kamba, pale pale uliposimama wewe, naye akasimama nyuma, pale ulipomwangukia Baba akafa.

Nusu ya kwanza ulishuka vizuri. Ulipopita kati, ndugu yangu, ule mti ukawa na uzito wa ng'ombe. Nilishika. Haki ya Mungu nilishika! Kamba ikaanza kukimbia, ikanila ngozi, ikanila nyama, na bado nilishika mpaka ikanitupa kifudifudi. Mlingoti ukapiga nyuma, paa! Ubao wa tezi ukapasuka vipande viwili. Sanga aliruka, la sivyo tungechimba kaburi la pili. Hata hivyo ulimchana sikio, likabaki linaning'inia.

Unajua alifanya nini? Hakulishika hata hilo sikio. Aliokota kafi, damu inamchuruzika mpaka kifuani, akanijia nalo. "Umeachia! Umeachia kama yule muuaji!"

Yule ni wewe. Nikaiona tena siku ile, wewe umelala mchangani kando ya maiti ya Baba, Sanga anakutwanga kwa kafi mgongoni na kichwani mpaka mpini ukavunjika, na watu wazima wamesimama tu wanatazama. Hukuinua mkono kujikinga. Watu walisema ni kwa sababu unalijua kosa lako.

Mimi ndiye niliyekuosha kwa maji ya chumvi nyuma ya jiko kabla hujaondoka. Niliviona viganja vyako. Ngozi haikuwepo, Dena, kidole gumba kilikuwa kimefunuka mpaka kwenye mfupa. Nilijua moyoni kwamba aliyeachia kamba hawi na mikono ya namna ile. Nikamwogopa Sanga, nikanyamaza, ukaenda zako na jina la muuaji.

Sasa Sanga ananijia mimi na kafi. Nikafunua viganja vyangu, nikamwekea mbele ya macho. "Tazama! Aliyeachia ana mikono kama hii?" Akaniambia ninyamaze, akainua kafi. Nikamzaba kofi, kwa mkono ule ule. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno, lakini nikamwongeza la pili, damu yangu ikachanganyika na yake shavuni. Kafi likamdondoka.

Mama alikuwa ameshafika kwa ule mshindo. Akanishika mikono, akaitazama, akauliza polepole, "Na Dena? Yake ilikuwaje?" Nikamwambia kweli yote. Akainama akaokota kafi, akamtandika Sanga, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili mwenye mvi, na Sanga akasimama tu akapigwa. Kisha Mama akanigeukia. Mimi hakunigusa. Alisema, "Kumbe ulijua," akaenda zake. Heri angenipiga!

Mkuki kwa nguruwe, kaka yangu. Mpaka uliponichoma mimi ndipo nikapata mdomo. Nisamehe. Na kama huwezi, niambie huwezi, nitaelewa.

Wiki iliyofuata Mutuku akaja, akatukemea kama watoto. Alimfukuza kila mtu aliyesimama nyuma. Alisema chini ya mlingoti unaoshuka hasimami mtu, hata kuku. Tukauinua tena kwanza ili atuonyeshe unavyolazwa, wanaume wanne wakisukuma kwa mabega, na mbele kamba ikikazwa kila ulipopanda. Uliposimama akaizungusha kamba mara mbili kwenye kigogo cha omo, na ncha yake unafikiri alimpa nani? Mama! Mama wa miaka sabini, na mgongo ule! Akamwambia alegeze kidogo kidogo. Mama akaulaza mlingoti wa mvinje kwa mkono mmoja, taratibu, mkono wa pili ameshikilia leso isimvuke.

Ulipolala kabisa alikitazama kile kigogo muda mrefu. Akasema, "Mulungu wangu, mizunguko miwili tu." Akaketi mchangani akalia. Siku ya kumzika Baba hakulia vile.

Sanga ameshonwa sikio, limekaa upande kama la mbuzi aliyeponea kwa fisi, nami simfichi kwamba amekuwa mbaya zaidi. Juzi alinikuta naandika, akasema, "Mwambie mlingoti hauinuki mpaka aje ashike kamba yeye." Mashua imeshazibwa, iko tayari, wageni wa kutembezwa kwenye mkono wa bahari wanachukuliwa na wengine, naye hataki kusikia. Usingoje akuombe msamaha, kuomba hakujui. Lakini kafi lile jipya ameliegemeza mlangoni kwake. Anasema ukitaka kuanza nalo, anza nalo, na kwamba yeye hatajikinga.

Mimi nakuomba usilishike.

Nisalimie sana wifi Moraa, mwambie tunamdai arusi, na Lewa mbusu mpaka akasirike. Everlyne, mke wa Sanga, anakusalimu na kukuombea kila Jumapili. Mama hakunipa salamu zozote za kukuandikia. Amesema salamu haziwezi kushikwa, na yeye anataka viganja vyako.

Mungu awatangulie njiani, maana mimi nimeshatandika kitanda.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekuosha mikono nikanyamaza,

Kahonzi