Dada, Jogoo Yule wa Zuzu

…basi dada Zena, pale tulipoachia. Nilikuwa nakuhadithia ugomvi wa yule bibi Mgogo mwenyeji wetu na mke wa mnyapara, ukaniambia, "Chiriku, nyamaza kidogo." Nikanyamaza. Mpaka leo hujaniambia niendelee. Naona bora niendelee mwenyewe, maana habari ikikaa tumboni kwangu inachacha, unanijua.

Walikuwa wanagombania maboga. Mke wa mnyapara kakuta mbuzi wa bibi anatafuna maboga yake, akapayuka, "Mchawi mkubwa wewe!" Bibi wala hakuinua uso, anapepeta uwele wake, akamjibu, "Mimi ningekuwa mchawi, wewe ungekuwa na adabu."

Ndicho kilichokuwa kimebaki, dada. Hicho tu. Ungecheka mpaka ukashika ukuta.

Hapa nilipo nimekaa juu ya mzigo. Baba Juma wangu anafunga punda, anawatukana punda, punda wanamtazama. Naandika kwenye karatasi ya sukari kutoka duka la Mhindi kule Dodoma, nimeinyoosha gotini, na herufi ni zile zile za chuoni kwa mjomba, ambako wewe ulisoma ukamaliza na mimi nilikwenda kuangalia nani kavaa nini. Zikipinda nisamehe. Nitaiweka chini ya lile jiwe la kichwani kwako. Mchwa wakiila, basi na wakusomee.

Tunahama, dada. Tunahama Zuzu na wewe tunakuacha.

Nimeliandika upesi lipite.

Unakumbuka tulivyokaa kwenye kinu kule Kolo, mwaka ule nzige walipokula hata nyasi za paa, tunatwanga makapi na kusema nchi za watu? Baba Juma anasema lazima tuhame, njaa hii itatumaliza, na wewe ndiyo kwanza umemzika shemeji, umebaki na binti yako Mwanaidi. Kila nchi aliyoitaja ulikuwa na kasoro yake mdomoni. Kondoa mjini? "Niende nikaamkie ngoma ya boma? Askari akipita kuku anapungua, na kodi ukichelewa unapelekwa kuponda mawe barabarani." Chemba? "Chemba maji ni safari, ukienda kuchota unarudi umezeeka." Huko magharibi ya mbali? "Mbung'o. Ng'ombe anaingia mzima anatoka ngozi." Dodoma penyewe? Hapo ndipo uliponimaliza. Ulisema, "Dodoma upepo unakula nawe. Kila tonge, nusu ugali nusu mchanga. Na maji yao ya chumvi, hata machozi yana afadhali."

Nikakwambia, "Dada, wewe unatafuta nchi au unatafuta mchumba?"

"Mchumba ukikosea unaachika," ukasema. "Nchi ukikosea inakuweka."

Nilicheka siku hiyo. Leo neno hilo silicheki.

Mvua ya mwisho ya kule Kolo ilitukuta njiani tukienda kuokota kuni, tukajificha chini ya lile jiwe kubwa, lenye watu wembamba wekundu waliochorwa na wasiojulikana. Tangu utoto tuliwapa majina, mimi na wewe. Yule mwenye kichwa kama uyoga alikuwa shangazi Mariamu siku ya Idi. Wale wawili wanaoshikana mikono tulisema ni fulani na mke wa fulani, na nilikuwa na ushahidi. Nikakuuliza, "Hivi hawa walikwenda wapi?"

"Walihama."

"Kwa nini?"

"Walichoka na maneno yako."

Maji yanadondoka mbele yetu kama pazia, na tunacheka kama hatuna njaa. Kama ningejua, ningekuomba tukae pale pale, tuwe wekundu, tuwe wembamba, tubaki.

Basi ndiyo ikaja habari ya Zuzu, mbele kidogo ya Dodoma. Reli ya Mdachi imepita Dodoma inaelekea Tabora, vibarua ni wengi kama siafu, wanakula wala hawana wa kuwapikia. Ukasema, "Hapo sawa. Lakini jogoo kwanza." Kwetu ndivyo, mtu hahamii nchi kabla jogoo hajailala. Unambeba kwenye tenga, unamlaza nje huko ugenini usiku mmoja. Akiwika asubuhi, nchi imemkubali na wewe itakukubali. Akinyamaza, unamrudisha nyumbani na wewe unarudi.

Tukatembea na jogoo wetu mwekundu, tunapokezana tenga kichwani, anatudonoa vidole. Bibi Mgogo alipotupokea akashika kiuno. "Nyie Warangi mnahama na kuku? Sisi tunahama na ng'ombe!" Ukamjibu, "Bibi, ng'ombe hasemi kitu. Huyu anasema." Akatupa sehemu ya kulala ndani ya tembe lake, giza totoro, halina hata tundu la kuchungulia, mimi na wewe na Mwanaidi katikati. Tenga tukaliacha nje ukutani.

Usingizi ulikuwa bado mtamu tuliposikia ngurumo. Chini chini, inatoka mbali, inakuja, mpaka ukuta unatetemeka na udongo unatudondokea machoni. Nikakushika. Na ngurumo ile ile haijakwisha, jogoo akawika! Akawika tena, akawika kama kalipwa. Ukaniminya mkono mpaka ukaniumiza. "Chiriku! Umesikia? Mvua na jogoo pamoja! Hata hakungoja kukuche! Nchi hii imetupokea kwa haraka."

Kulipokucha ardhi ilikuwa kavu. Ukasema mvua imenyesha kwa majirani. Nani angebishana na wewe na uso ule? Tangu kufiwa na shemeji sikuwa nimekuona na uso ule.

Na kweli dada, Zuzu ilitufanyia uso mzuri. Uji wetu wa uwele vibarua waliugombania. Ulikuwa unawapakulia na kuwapa majina, yule wa Unyamwezi ukamwita Bwana Harusi kwa kujipaka mafuta kila jioni, naye akawa anakuletea kuni bila kuombwa, usidhani sikuona. Maji je! Yale mashimo walikochimba udongo wa kujengea tuta la reli, mvua zilipokuja yakajaa mpaka mdomoni. Sisi wa kutembea nusu siku na kibuyu, leo maji yako mlangoni! Ukapanda maboga kandokando, ukajenga kibanda chako karibu kabisa, ukawa unakaa jioni miguu majini kama mke wa sultani. Bibi Mgogo yeye alibaki kule juu kwenye tembe lake pakavu, akasema maji yasiyokwenda popote yanangoja mtu. Tukasema uzee huo.

Akapita yule daktari wa Kidachi mwenye kofia kama sufuria. Akanyoosha fimbo kwenye mashimo, akasema maneno yake ya kukwaruza. Mkalimani akatuambia, "Bwana anasema maji haya mabaya, yafukieni." Ukamwuliza, "Mabaya kwani tunayakunywa? Sisi tunakunywa ya kisimani." Mkalimani mwenyewe akaona una haki. Nani afukie maji, dada? Katika nchi hii? Ungesema vile Kolo wangekufunga kamba wakakupeleka kwa mganga.

Mbu walikuwepo, ndiyo. Tulikuwa tunawasha kinyesi cha ng'ombe, moshi unatuliza, tunakohoa, tunapiga soga. Mbu nani alimhesabu kuwa kitu.

Homa ya kwanza ulicheka nayo. Ya pili ulifanya nayo kazi. Ya tatu ikakulaza, na mimi nikakaa kitandani kwako nasema, nasema, maana nilijua nikinyamaza tu utanisikia ninavyoogopa. Nilikusemea mtaa mzima. Nimefika kwa bibi na mke wa mnyapara, ndipo ukasema, "Chiriku, nyamaza kidogo, nimsikilize jogoo."

Ilikuwa mchana, dada. Jogoo hakuwa anawika. Lakini nilinyamaza, ukanitazama kama mtu anayesikia kweli kitu, ukaenda. Mimi maisha yangu yote nimenyamaza mara moja tu, na ndani ya huko kunyamaza ukapitia. Sasa wananiuliza, Mama Juma, mbona unaongea peke yako? Nawaambia naziba mlango.

Sasa nikufikishe kwenye lenyewe. Nimezunguka kwa sababu nalihofia.

Miezi yote hii gari la moshi lilikuja mchana, na tukalizoea. Juzi juzi, baada ya arobaini yako, likaja alfajiri ya giza, limeleta vyuma. Mimi niko nje nawasha moto wa uji. Nikasikia ngurumo, chini chini, inatoka mbali. Nikaangalia juu nione wingu. Nyota tupu. Halafu kwenye kona ya tuta likatokea jicho lake, ile taa ya mbele, nyeupe, pana, ikamwaga mwanga kwenye mapaa na miti mpaka nikaona vidole vyangu. Na jogoo wote wa Zuzu, dada, wote, wakawika. Wa kwetu mwekundu akawa wa kwanza, kasimama juu ya tenga lake, kanyoosha shingo, anaiambia taa karibu, kumekucha.

Nilikaa chini pale pale. Uji ukaungua.

Haikutuita nchi, dada. Taa ndiyo iliyomdanganya jogoo. Na ile ngurumo ya usiku wetu wa kwanza haikuwa mvua.

Mimi, ambaye siri ya mtu hailali kwangu, hili nililala nalo. Ningelitoa vipi? Maana Baba Juma kishakata shauri: twende Chemba kwa ndugu yake, hata maji yakiwa mbali, angalau hayaui mtu mlangoni. Na Mwanaidi wako amekataa. Homa imeshamshika mara mbili tangu uondoke, dada, nimemfunika shuka zote na meno yake yanagongana nasikia mpaka jikoni. Akipata nafuu ananiambia, "Mama mdogo, nyie nendeni. Mama aliipenda hapa. Jogoo aliwika hapa. Mama hakukosea." Ana sauti yako, unajua? Ile ya kufunga mlango.

Ningemwambiaje? Nikimwambia, namwonyesha mama yake alivyouzwa na taa. Nisipomwambia, namzika kando yako. Nilizunguka na neno hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba Juma akaniuliza naumwa nini, mbona kimya kimeingia nyumbani.

Leo asubuhi mizigo ishafungwa, nimemkuta amekaa kwenye kizingiti cha kibanda chako, kashika mwiko wako. Nikamwambia. Yote. Ngurumo, jicho, jogoo, uji kuungua. Nikamwambia mama yake hakuwa mjinga, hata jogoo mwenyewe hakuwa mjinga, mwanga ni mwanga, nani aliwahi kuwika akaulizwa mwanga gani? Nikasema na maneno mengine ambayo siyakumbuki, maana nilikuwa nalia na kamasi.

Akainuka, akaweka mwiko chini, akaondoka kuelekea kwako kaburini. Hajarudi. Jua limepanda. Baba Juma, aliyesikia yote akiwa kwa punda, ananitazama na mimi natazama karatasi. Nimemwambia bila yule binti punda hawasogei, na kama hasogei na mimi sisogei, nitakaa hapa juu ya mzigo mpaka mbu wanimalize. Akasema, "Mbu watakimbia maneno yako." Lakini kafungua kamba kidogo punda wapumue. Ni mtu mzuri, shemeji yako, ila asijue nimeandika hivyo.

Dada, zamani nilikuwa nakucheka unavyoziogopa nchi, hii ina upepo, hii ina chumvi. Nikiangalia sasa, zile zote zenye kasoro zilikuwa zinajitangaza mapema, mtu anaziona anajihadhari. Hii ya maji mlangoni ndiyo hatukuitilia shaka. Na bado siwezi kuichukia moja kwa moja, ndipo ninapoumia. Hapa ndipo ulipocheka tena. Hapa Bwana Harusi alikuletea kuni. Amekuja juzi, nakuambia, kaweka mzigo wa kuni kavu kaburini, kasimama, kajipaka mafuta kweli kweli, akaondoka zake. Mimi nikamfuata nimwulize, nikaona aibu, nikarudi. Mimi! Aibu!

Nilitaka kukuuliza kama ulikuwa umeshamjibu chochote yule

Ngoja. Naitwa.

Ni yeye, dada. Ni Mwanaidi, yuko nyuma ya kibanda, anapiga kelele, "Mama mdogo! Acha hayo maandishi, njoo unishikie tenga, huyu jogoo wako kanichana mkono wote!" Baba Juma anamwuliza wa nini tena jogoo, si kishatudanganya mara moja? Na yeye anamjibu kwa ile sauti yako, "Twende naye. Ila huko Chemba atakapolala nje, nalala nje naye. Nataka nione mwenyewe anawikia nini."

Punda wanafungwa. Ananiita tena. Jiwe lako naliinua sasa hivi, dada, nisogezee kidogo

Mdogo wako,
Chiriku