Kitufe Kilichomsalimia Mwalimu

Mpendwa Mama Bernadina, shikamoo. Hiyo nimeichapa mwenyewe herufi kwa herufi, na ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini naanza kwa kujitetea.

Naomba msaada wako maana nimekwama. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nafanya kazi steshenari hapa Katesh, nachapa barua za watu na kutoa kopi, na jioni tukishafunga bosi ananiruhusu kucheza gemu kwenye kompyuta, ule mchezo wa mtandaoni wa kulinda ngome, timu ni watu watano, na kapteni wetu ni Mwalimu Akonaay wa Nangwa, mstaafu, alinifundisha jiografia darasa la sita, na mtoto wake Emanuel alimwachia kompyuta na modemu ili asichoke na kukaa, basi mzee akaushika mchezo mpaka sisi vijana tukamwomba atuongoze.

Shida ilianzia kwenye salamu. Mwalimu haanzi vita bila kusalimiwa, tukiingia kila mmoja aandike shikamoo yake, yeye amjibu kila mmoja marahaba kwa jina lake, aulizwe habari za nyumbani na yeye aulize, na anachapa kwa kidole kimoja, na adui hana habari na marahaba, ameshavunja lango. Mechi sita tumefungwa tukiwa bado tunaulizana hali ya mifugo. Mimi kwa kuwa kibodi ndiyo kazi yangu nikaona nisaidie timu, nikapanga kitufe kimoja, nikikibonyeza kinatoa maneno yote kwa mfuatano, kwanza "Shikamoo Mwalimu," halafu "Sisi hatujambo, habari za huko nyumbani?" halafu kinasubiri dakika moja ili mzee amalize kujibu, kisha kinaandika, "Tunamshukuru Mungu, Mwalimu." Mikono yangu ikabaki huru kulinda lango, tukaanza kushinda, na Mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu kwamba Getruda ndiye pekee aliyebaki na adabu.

Nikanogewa, nikapanga na kingine cha vita, nikibonyeza mara moja tu kinakunywa dawa, kinainua ngao na kurusha mkuki, yote matatu. Sasa tumefika fainali, ni mwisho wa mwezi huu, tunakutana na timu ya Babati.

Jumanne iliyopita nimeingia kama kawaida, nimebonyeza kitufe changu cha salamu, nikageukia lango, na Mwalimu siku hiyo badala ya kusema nyumbani kwema akaandika, "Mama Emanuel ameteleza kisimani, amevunjika mkono." Na kitufe changu kikamjibu, "Tunamshukuru Mungu, Mwalimu."

Mama, alitoka kwenye mchezo palepale na hajarudi mpaka leo. Onesphory wa Basotu, ambaye ni mwenzetu wa timu, alimpigia simu, mzee akamwambia hawezi kuongoza watu wanaoshukuru mke wake akivunjika mfupa. Bila yeye tuko wanne na fainali haturuhusiwi kuingia. Onesphory naye amenigeukia, anasema vitufe vyangu vyote viwili ni kinyume cha sheria za mchezo, hata hicho cha salamu, na tukigundulika timu itafutwa, mimi namjibu kwamba aliyebonyeza ni mimi kwa kidole changu, sasa wizi uko wapi, lakini moyoni sina uhakika. Na kinachoninyima raha zaidi ni hiki: nikikaa kimya Mwalimu ataamini nilifurahia, na nikimwambia ni kitufe kilichojibu, atajua kwamba kwa miezi mitatu hajawahi kupata shikamoo yangu hata moja. Nampenda mzee huyu kama baba yangu na naona aibu. Je, nimevunja sheria za mchezo? Na nimwambie nini?

Getruda, Katesh

Getruda, marahaba, na nimeipokea kwa kuwa umeichapa mwenyewe. Barua yako imenichekesha peke yangu mezani mpaka wenzangu wakauliza kuna nini, na nilipofika kwenye kisima nikaacha kucheka.

Tuanze na sheria. Mimi na gemu hatufahamiani, kwa hiyo nilimuuliza Kelvin, kijana anayepanga kurasa za gazeti hili. Anasema kila mchezo una sheria zake na ulipaswa kuzisoma kabla ya kupanga chochote, lakini kwa kawaida kuhamisha kitufe mahali ambapo kidole chako kinakifikia vizuri si kosa. Kitufe cha kuandika maneno nacho mara nyingi hakina ugomvi, mradi huwajazii wenzako maandishi. Hicho cha vita ndicho kibaya. Mchezaji wa Babati anabonyeza mara tatu kupata dawa, ngao na mkuki, na katikati anaweza kukosea, wewe umejinunulia kutokukosea. Kwa hiyo Onesphory amepata nusu, na wewe acha kumbishia kwa hiyo nusu.

Mimi ni mtu wa Maretadu. Kwetu siku ya kulimiana ukija na jembe lenye mpini mzuri kuliko langu sitasema neno. Ila huwezi kutuma jembe likasimame shambani na wewe umebaki nyumbani. Ulichofanya kwenye vita ni hicho, na kwenye salamu ni hichohicho, ingawa salamu haimo kwenye sheria za mchezo.

Leo hii kifute kitufe cha vita. Kisha waandikie waandaaji wa fainali, uwaeleze mlivyofika hapo, waamue wao. Wakiwafuta, mfutwe mkiwa mmesema.

Kuhusu Mwalimu, sema ukweli wote, pamoja na ile miezi mitatu. Unaogopa aibu mbili na unataka nikuchagulie ndogo, mimi nakuchagulia ya kweli. Akiamini ulifurahia mke wake kuumia, hana namna ya kukusamehe. Akijua ulikuwa mvivu, huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, wavivu amewaona wengi na bado akawafundisha jiografia.

Simu usipige na ujumbe usitume. Nangwa si mbali na hapo ulipo, nenda, na Onesphory usimchukue akusemee. Mzee akikusamehe, mpangane upya: ingieni nusu saa kabla ya mechi, msalimiane mpaka mtosheke, mifugo yote mwulizane, ndipo mfungue vita. Nashangaa watu watano wenye akili hamkuwaza hilo mkaenda kupanga vitufe.

Na ukifika Nangwa usianze na Mwalimu, anza na Mama Emanuel. Barua yako nimeisoma mara mbili, Getruda. Umenieleza habari za lango, za ngao na za fainali, na hujaniambia mkono wake unaendeleaje. Mpe shikamoo, muulize, halafu nyamaza mpaka amalize kujibu.