Moto wa Juu, Moto wa Chini

Jumamosi, 8 Juni

Nimefua. Nimewapa kuku maji. Nimeanika kahawa, manyunyu yakaja, nikaianua. Baridi ya kukata masikio. Mama amekula uji vijiko viwili vitatu, akasema ameshiba. Hajashiba, hataki tu.

Kaka yangu Yohana alimleta kutoka kwetu Lipingo, kule ziwani, akiwa na homa ya mapafu. Homa imekwisha, nguvu hazijarudi. Daktari alisema ale kwanza, ndipo afikirie safari ya kurudi. Mama alisikia neno safari. Mimi nilisikia neno ale. Nataka ale, na nataka abaki. Tangu niolewe huku Mbinga sijawahi kukaa naye hivi, yeye na mimi, asubuhi hadi jioni.

Samaki wangu wa kukaanga anasema wananuka mafuta. Anataka wa kubanika, kama wa nyumbani. Nibanike wapi, na ukungu huu na kuni mbichi?

Jumapili, 9 Juni

Nimetoa vyombo kwenye oveni. Mume wangu, Baba Neema, alilinunua jiko hili la umeme kwa mbwembwe, pleti nne juu, oveni chini, na tangu lifike oveni imekuwa kabati. Zimetoka sufuria, vifuniko, na kikaango nilichokuwa namdai jirani.

Jirani mwenyewe, Mama Pendo, mwoka keki za harusi, amekuja kunionyesha swichi. Kistari cha chini, moto wa chini. Kistari cha juu, moto wa juu. Vistari viwili, moto wote. Mbona rahisi. Ni ile sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ambayo mama alituokea mikate tukiwa wadogo. Nikajiona fundi. Nikamuuliza kubanika ni wapi. Akagusa kistari cha juu. "Hapo ndipo pa kubanika, Mama Neema."

Jumatano, 12 Juni

Aibu tupu.

Nilinunua samaki sokoni, mbasa, ametoka Mbamba Bay na gari la alfajiri. Nikampasua, nikampaka chumvi, nikamweka karibu kabisa na moto wa juu. Kisha nikaenda zangu shambani kuchuma kahawa. Kwetu ziwani kubanika ni kazi ya nusu siku. Unapanga samaki kwenye uchanja, moto mdogo, moshi mwingi, unaenda kufua, unapiga soga, unarudi kugeuza. Nilidhani kubanika ni kubanika.

Nimerudi nakuta moshi unatoka madirishani. Baba Neema uani na ndoo ya maji. Mama kwenye mkeka, kajitanda blanketi. Samaki amekuwa mkaa. Mama Pendo kacheka mpaka kakaa chini. Kwake yeye kubanika ni kubabua ngozi ya kuku dakika chache, umesimama hapo hapo. Angesema.

Mama hakucheka. Alisema harufu ile imemkumbusha nyumbani. Akaomba ugali, akala na mchicha, kidogo.

Jumamosi, 15 Juni

Leo samaki ni magege, kwenye jani la mgomba, moto wote. Ametoka mweupe, laini, nimejisifu mwenyewe. Mama amekula nusu. "Ameiva," kasema, "lakini hajaona moto."

Nimekasirika. Nimeosha vyombo kwa kishindo ili asikie.

Jumanne, 18 Juni

Nimepata!

Kwanza moto wote, samaki ndani ya jani, mpaka nyama iachane na mfupa. Kisha nafungua jani, nampaka mafuta kidogo na ndimu, nampandisha juu, nabakiza kistari cha juu peke yake. Mlango wa oveni wazi kidogo. Na sitoki. Moto wa juu ni kama mtoto anayetambaa, ukigeuka tu ameshafanya yake. Ngozi inavimba, inapasuka, inanukia.

Mama alivuta kigoda mpaka mbele ya oveni, aote joto. Macho yake yamefifia lakini pua ni ile ile. Alinusa, akanusa tena. "Toa sasa." Nikatoa. Ilikuwa sawasawa.

Amemaliza wote. Amefyonza na kichwa. Nimekwenda nyuma ya banda la kuku nikalia kwa furaha.

Jumapili, 23 Juni

Mama anapata mashavu. Tunashinda jikoni. Baba Neema haingii, mkwe na mama mkwe hawabanani jiko moja. Anatoa shikamoo yake akiwa mlangoni, chakula anapelekewa sebuleni. Ananung'unika kwamba jiko kalinunua yeye. Sijali.

Mama ananitajia majina ya mawe ya ufukweni kwetu, lile la kuanikia nguo, lile la wavulana kurukia. Nilikuwa nimeyasahau. Sikujua kama nina hamu kiasi hiki. Hamu ya mchanga unaounguza nyayo. Hamu ya wanawake wanaosugua sufuria majini na kuitana kwa Kinyasa. Ameniambukiza.

Leo ametembea hadi kanisani kwetu na kurudi. Yeye ni Mwanglikana, kalalamikia nyimbo zetu njia nzima. Tulipofika getini akasema, "Nimepona, mwanangu. Mwambie Yohana aje."

Kumbe kila samaki ninayempatia anamsogeza stendi.

Jumatano, 26 Juni

Yohana sijampigia.

Leo sikuwasha moto wa juu. Makusudi. Nimempa samaki mweupe kwenye jani lake. Nilitaka asishibe. Nilitaka abaki mnyonge kidogo, wiki moja tu zaidi. Nimeyaandika haya na nikiyasoma naona haya.

Alitafuna kidogo, akaweka sahani chini. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata. "Moto wa juu umekwisha?"

Nikasema umeme mdogo leo.

"Basi. Umeme ukirudi, utawasha."

Anajua. Nilishindwa kuinua macho.

Alhamisi, 27 Juni

Nimempigia Yohana asubuhi, kabla sijabadili mawazo. Atakuja Jumamosi. Nikapitia sokoni, nikachukua mbasa mkubwa. Moto wote, kisha moto wa juu. Mama akasema toa, nikatoa.

Alikula taratibu.

Jumamosi, 29 Juni

Amekwenda.

Nimemfungia samaki wa njiani kwenye jani. Yohana kanicheka, nani anapeleka samaki ziwani? Mama aliupakata mfuko, hakukubali kuupakia na mizigo mingine. Stendi sikulia. Nyumbani nimelia.

Baba Neema ameingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu mama aje. Kasimama karibu na jiko lake. Mwisho akauliza kama arudishe sufuria kwenye oveni. Nikamwambia aziache zilipo.

Jumapili, 7 Julai

Misa. Kuku. Kahawa. Ukungu mpaka mchana.

Yohana amepiga simu. Mke wake analalamika. Mama hataki tena samaki wa uchanjani. Anamwamuru awatie kwenye sufuria, afunike, apange makaa juu ya kifuniko, na asitoke hapo hata kidogo. Mama mwenyewe anakaa karibu, ananusa, anasema toa. Halafu anaonja na kusema bado. Anasema anataka kama wa Mbinga.

Nimecheka mpaka Yohana akauliza kama ninalia.

Baadaye nikazungusha swichi kwenye kistari cha juu. Ndani sikuweka kitu. Nimekaa kwenye kigoda chake, mlango wa oveni wazi kidogo, mpaka mikono ikapata joto.