Mikono ya Bi Harusi wa Mwisho

Dada yangu Rukia,

Siwezi kukuuliza u hali gani, maana uliko hakuna jibu linalorudi. Nakuombea dua, kisha nazungumza nawe kama tulivyozoea, mimi nikilalamika na wewe ukinicheka.

Leo nilikwenda Marikiti kununua bamia, nikasimama nazo mkononi mpaka muuzaji akaniuliza, "Bibi, wazinunua ama wazisomea?" Nilikuwa nakukumbuka wewe. Wenzio walikata bamia wakapika. Wewe uliikata moja, ukaitazama ile nyota ya ndani, na jioni yake nyota ile ikawa ya hina kwenye kiganja cha bi harusi wa watu. Hukuwa na kitabu cha kuigiza. Maua yako uliyatoa kwenye nondo za madirisha ya Kibokoni, kwenye magamba ya samaki wa Liwatoni, na lile la mwisho ulilipata kwenye ukuta wetu wenyewe, pale mvua ya elinino ilipobandua chokaa. Mama alilia nyumba yake imeharibika, wewe umekaa chini unaushangaa ukuta.

Mimi nilikuwa mkorogaji hina wako: ndimu, chai kali ya rangi, na kitambaa cha kuchujia. Ulinifundisha bila ya kujua kwamba siku moja nitakula kwa kuchora picha za vitabu. "Piko nyeusi ni mpaka, hina ni furaha," ukiniambia. Nami nilipojaribu, nikajaza mkono mzima, ulinipiga kikofi: "Weye usiyaze kila mahali. Wata ngozi ipumue." Mpaka leo karatasi yangu naiachia weupe wake, na watu wananisifu kwa jambo ambalo si langu.

Zuhura wa Makadara ndiye aliyekuwa bi harusi wako wa mwisho. Ulimpaka ukiwa na homa tayari, ukasema ni uchovu tu. Lile ua la ukutani ulimwekea yeye, na ua la bi harusi mmoja hukumpa mwengine kamwe. Wiki ile ile tukakuzika. Zuhura alikuwa bado yumo ndani ya fungate, na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya kilio nilikuwa na wazo moja tu: kazi yako ya mwisho iko mikononi mwake, na hina haimngoji mtu. Nilitaka niinakili kabla haijafifia.

Alikuja siku ya hitima. Nilimvuta chumbani, karatasi na kalamu nimevificha chini ya leso.

"Nipe mikono," nikamwambia.

Akaitoa ndani ya buibui. Ilikuwa imechubuka, wekundu wake ni wa kidonda, si wa hina.

"Nimeisugua, dada. Kwa ndimu na dawa ya kufulia. Mama mkwe kanambia, utakwendaje matangani na mikono ya furaha? Nami nikaona ni kweli, nimuwekee Rukia heshima yake."

Alikuwa analia. Nani kwetu asiyejua kwamba hina haiendi msibani? Hata wewe ungemwambia aisugue. Nilimshukuru, nikamtafutia mafuta ya nazi ajipake. Lakini moyoni niliona nimekuzika mara ya pili, na hii iliniuma zaidi.

Sasa mchapishaji mmoja wa Nairobi amenipa hadithi ya watoto yenye harusi ndani yake. Nimemaliza kila kitu, leso ya kisutu na asumini, mpaka viatu. Mikono ya bi harusi nimeiacha nyeupe. Mhariri amenirudishia picha, ameniandikia kwa upole kwamba nimesahau kutia rangi. Sikusahau. Nalitafuta lile ua lako. Najua lilianzia kwenye kifundo cha mkono, likapinda mara moja kuelekea dole gumba, na baada ya hapo sioni kitu. Nimekwenda hata ukutani. Mama alikwisha kuusiriba, akapaka chokaa mpya.

Picha inatakiwa kesho, dada. Nyekundu nimeshaikoroga, iko mbele yangu, na nikimaliza kukuandikia nitamtia bi harusi huyu ua la kwangu mimi. Watoto watalipenda. Hakuna hata mmoja atakayejua kwamba palikuwa na jingine.

Mungu akulaze pema.

Mdogo wako