Tulipomcheka Kipusa

Baba Kipusa,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Kipusa yuko kwa shangazi yake, mfuate ukishakula. Mimi nina zamu ya usiku.

Asubuhi nilimpeleka kwenye usaili wa ile shule ya kulipia niliyoing'ang'ania. Mwalimu alimuuliza jina, kigugumizi kikambana. Mwalimu akacheka. Na mimi nikacheka, eti nisimuudhi mwalimu! Mwanangu akanitazama. Nafasi wametupa.

~~Tumpeleke tu, atazoea.~~

Hapana. Tumpeleke kwenye ile shule ndogo uliyoitaka wewe, ambako mwalimu alimsubiri amalize jina lake.

Nimemwomba radhi, hajanijibu. Akianza kukusimulia, usimmalizie maneno, hata kama ananisema mimi.

Mama Kipusa